Wifi, Waifai na Mzee Antena

Tarehe 9 Februari

Wifi yangu,

Pokea salamu nyingi kama nywele ninazofagia kila jioni. Mimi mzima, saluni nzima, miguu ndiyo inayolalamika kwa kusimama. Vipi wewe, vipi duka lako la kopi, vipi watoto? Kitindamimba wako bado anakula chaki? Na yule kaka yangu uliyemwoa, maana sisi sote tunajua nani alimwoa nani, bado anatangaza kwenye kundi la ukoo kila anapopiga chafya? Juzi nimeona ameweka picha ya dole gumba lake lililobanwa na mlango. Ukoo mzima ukampa pole. Mimi sikumpa. Ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni, najua anavyopenda kudekezwa. Hatukumwita Spika bure.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia kwa kalamu kama mtu aliye jela. Nitakwambia, ila barua hii asome mmoja, na huyo mmoja awe wewe. Siri ukimpa mtu mwenye ndoa umewapa wawili, na wa pili akiwa Spika umeshaitisha mkutano.

Unamkumbuka mwenye nyumba wangu, yule mstaafu tunayemwita Mzee Antena kwa jinsi shingo yake inavyogeuka kila mlango ukifunguka. Mwaka jana alituwekea intaneti ya bure jengo zima, huku chini kwangu saluni na kwa fundi cherehani tunayepakana naye ukuta, na juu kwenye vyumba tunakolala. Tukamsifu mpaka akanenepa. Kumbe yule mzee hana kazi nyingine. Ana kompyuta yake pale barazani, na humo anaona simu ya nani imeingia tovuti gani. Anaisoma kama gazeti. Alimwambia fundi cherehani, "Hiyo mashine unayoitazama itakula umeme." Akamwambia mwalimu wa ghorofa ya juu, "Unatafuta nyumba nyingine, kwani hii yangu imekukosea nini?"

Wiki iliyopita tumekutana kwenye ngazi. Akavua kofia. "Pole sana mama," akasema. "Mungu ni mwema." Nikamuuliza pole ya nini. Akanigusa bega, akashuka zake.

Pole ya nini, wewe pia usiniulize.

Fundi simu wa ng'ambo ya barabara anasema niweke kitu kinaitwa VPN. Nikamuuliza kinafanya nini, akasema kinanificha. Nikamuuliza kinanificha wapi, akacheka, akaendelea kuchokonoa simu ya watu. Sasa mwenzangu, kuna wifi na kuna waifai. Huyo wa hewani ameniponza, nakukimbilia wewe wa ardhini. Niweke, nisiweke?

Wako,
Msusi

* * *

Tarehe 27 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Barua yako nimeisomea stoo, nimejifungia na maboksi ya karatasi. Spika akagonga: "Dada anasemaje?" Nikamjibu kwamba unasema nywele za bandia siku hizi hazina ubora. Akaridhika. Sisi wazima. Kitindamimba ameacha chaki, sasa anakula vifutio. Mwalimu wake anasema hayo ni maendeleo. Dole gumba limepona, ila mwenyewe bado anakunywa chai kwa mkono wa pili ili tusilisahau.

Sasa sikiliza, nitakueleza kama ninavyowaeleza wateja hapa dukani. Intaneti ya Mzee Antena ni sebule yake. Kila unapokwenda tovuti yoyote, lazima upite mbele ya kiti chake. Anakuona umeingia mlango gani. Unachofanya ndani hakioni, maana tovuti nyingi siku hizi zinafunga mlango nyuma yako. Ukiweka VPN, unapita kichochoro kilichoezekwa toka chumbani kwako hadi mbali huko. Mzee anaona tu kwamba umeingia kichochoroni. Umetokea wapi, hajui.

Uzuri wake ndio huo. Ubaya wake ni kwamba kichochoro nacho kina mwenyewe, na huyo sasa ndiye anayekuona. Unamkimbia mmbea unayemjua, unajikabidhi kwa mtu ambaye hata sura yake huijui. Ndiyo maana za bure naziogopa. Mtu asiyekutoza chochote ujue anauza kitu, na kitu chenyewe huenda ni wewe. Au achana na intaneti ya mzee, tumia bando lako.

Mimi siri za watu nazijua vizuri. Hapa wanachapa maombi ya talaka, halafu wanasahau nakala kwenye mashine. Nazichana bila kusoma. Haya, nasoma kidogo.

Tuje kwenye ile pole. Mjane wa umri wako, ana simu yake na intaneti ya bure, mwenye nyumba anamvulia kofia na kumwambia Mungu ni mwema. Wifi, wewe unatafuta mume. Umeingia tovuti ya wachumba na mzee wa watu amekuonea huruma. Mimi sina ubaya. Nakuomba tu uchague mwenye meno yake mwenyewe.

Niambie jina lake.

Wifi yako wa ardhini

* * *

Tarehe 20 Machi

Wifi msumbufu,

Salamu kwako na kwa mla vifutio. Hapa hatujambo, ila fundi cherehani amefungulia redio yake ya maombi tangu asubuhi, nami nasuka kwa mdundo wa mapambio bila kupenda.

Uliniambia za bure uziogope, kwa hiyo nikaweka ya bure. Usinigombeze, malipo nimeshayaona. Simu iliamini nimehamia nchi ya theluji. Ikaanza kunitangazia makoti ya manyoya na sepetu za kuzolea barafu. Programu ya benki ikanifungia nje, ikidai kuna mwizi ughaibuni anajifanya mimi. Nikawapigia. Binti wa benki akaniuliza, "Mama, uko wapi sasa hivi?" Nikamjibu niko saluni, mikono yote ina rangi ya nywele. Akaniuliza tena, taratibu, kama anayezungumza na mtu aliyetekwa. Nimeing'oa.

Na hilo la bando usinishauri. Chumbani kwangu mtandao unashika dirishani tu, tena mpaka utoe mkono nje kama unaomba mvua.

Halafu maelezo yako ya mlango. Unasema mzee anaona mlango, ndani haoni, kana kwamba hiyo ni nafuu. Ukimwona mtu ameingia chooni, unahitaji kumfuata ndani ndiyo ujue anafanya nini?

Juzi ameniletea mapapai, mfuko mzima, kayaweka kwenye kiti cha wateja. "Kula mama, mwili unahitaji nguvu." Wateja wakatazamana kwenye kioo. Wanadhani mtu akiwa mbele ya kioo haonekani. Na jana mteja wangu wa miaka yote, yule mama wa duka la vyombo, kaja na kitana chake kutoka nyumbani. Nikamuuliza changu kina nini. "Hamna," akasema, "basi tu." Basi tu ni jibu la mtu mwenye jibu.

Nina swali moja, unijibu bila utani. VPN inaficha ya mbele peke yake, au na ya nyuma? Yaani mtu akishaona, kuna namna ya kumfanya awe hajaona?

Kuhusu mume, nikitafuta nitatafuta asiye na mawifi.

Msusi

* * *

Tarehe 4 Aprili

Wifi yangu,

Sisi wazima. Kaka yako ameanza kupanda ngazi kukagua paa linalovuja, na kila akifika juu anasahau alichopandia, anabaki kuangalia majirani. Ukoo wenu na kuchungulia, mimi simo.

Nakujibu bila utani: ya nyuma haifichiki. VPN inafunika unakokwenda tangu ulipoiwasha. Ulikopita kabla ya hapo, kama mzee amekuona, amekuona. Macho ya mtu hayana kitufe cha kufutia.

Utani umerudi. Huyo wa kitana labda ana chawa na anakuonea aibu. Mapapai nayo yananipa jibu jingine: mzee ndiye anayekutaka. Alipoona unatafuta wachumba mtandaoni, akajiuliza, kwa nini mbali wakati niko hapa chini? Na ana nyumba, wifi, tena ya ghorofa. Mkubalie, utakuwa unasoma wewe simu za wapangaji.

Nimekutafutia VPN ya maana, ya kulipia, ya kampuni ambayo wanaojua mambo haya wanasema haiweki kumbukumbu za watu. Na ile ya benki usiogope: utachagua itokee hapa hapa nchini. Nijibu tu kama unaitaka. Na jina la bwana bado nalingoja.

Wifi yako

* * *

Tarehe 30 Mei

Wifi yangu,

Hujanijibu. Nimepiga simu, hupokei, unanitumia neno moja: "Nipo." Hata jiwe lipo.

Watoto wanakusalimu. Spika kila siku ananiuliza, "Dada ana nini?" nami namjibu una wateja wengi. Ananitazama.

Leo nimezitoa barua zako nikazisoma tena, moja baada ya nyingine. Pole sana. Mungu ni mwema. Mwili unahitaji nguvu. Kitana kutoka nyumbani. Na lile swali lako la kumfanya mtu awe hajaona. Mwanamke anayetafuta mume haulizi hivyo, wala haletewi mapapai ya kumtia nguvu. Nimekuwa nikicheka peke yangu tangu Februari.

Sikuulizi kitu. Nataka tu ujue nimeacha kucheka.

Wifi yako

* * *

Tarehe 11 Juni

Wifi yangu,

Salamu zako zimefika, na ile ya jiwe imenichekesha wakati sikuwa nataka.

Nina uvimbe, titi la kushoto. Niliugusa mwezi wa kwanza nikiwa naoga. Nikamaliza kuoga, nikajipaka mafuta, nikakaa kitandani na taulo, nikaingia tovuti ya ile hospitali kubwa ya saratani. Nilitaka kujua mtu anaanzia wapi, anamwona nani, anavua nini. Nikaingia tena kesho yake, na keshokutwa, kwa sababu kila nikisoma nilikuwa nasahau nilichosoma. Sikumwambia mtu. Hata daktari sikuwa nimemwona. Mtu wa kwanza kunipa pole alikuwa mwenye nyumba. Mimi mwenyewe nilikuwa bado sijajipa.

Na hakuwa na nia mbaya, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mbaya ningemtukana nikalala. Alimwambia fundi cherehani, "Tumwombee jirani yako." Fundi akawaambia wateja wake wamwombee jirani yake. Habari ilipofika mwisho wa mtaa nilikuwa na kifua kikuu, tena cha kuambukizwa kwa kitana. Wengine wamehamia saluni ya pili. Mmoja aliniomba nimwoshe nywele nikiwa na glavu, nami nikavaa, maana nilimhitaji.

Sikukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa naandika kuhusu mapapai.

Walichukua kipande wakakipima. Ni saratani, ila wanasema tumewahi. Titi linakatwa tarehe moja Julai. Daktari wangu ni binti mdogo, ana mikono baridi na hanidanganyi. Aliponiuliza kama nina swali nilimwambia titi lenyewe lilishastaafu zamani, bora liende kuliko kukaa likila bure. Akacheka. Nilipofika kwenye korido, nikaegemea ukuta kidogo.

Utani wako usiujutie. Ulikuwa mahali pekee ambapo sikuwa mgonjwa.

Usimwambie Spika. Sitaki kuwekwa kwenye kundi la ukoo baada ya dole gumba. Nitamwambia mwenyewe yakishapita. Hilo nakuomba.

Wifi yako

* * *

Tarehe 24 Juni

Wifi yangu,

Nimemwambia.

Nilijitahidi. Nilikuwa natoa kopi za mitihani ya watu, machozi yanatiririka juu ya kioo cha mashine, naye akaingia ameniletea chakula cha mchana. Sikuweza kusema ni wateja wengi. Akakaa juu ya boksi la karatasi, likabonyea.

"Titi gani?" akauliza.

"La kushoto."

Akatoa simu mfukoni, akafungua kundi la ukoo, vidole vikaanza kwenda. Nikajisemea basi, nimekuuza. Nikasogea kumpokonya. Alikuwa ameandika: "Mwenye kujua fundi mzuri wa paa anijulishe." Akatuma.

Nikamuuliza, "Ndiyo nini sasa?"

"Nikinyamaza kabisa watajua kuna kitu," akasema.

Tangu siku hiyo ameandika kuhusu paa, kuhusu mbwa wa jirani, kuhusu goti lake. Kuhusu wewe hata nukta. Usiku hajalala, na mchana amefunga karakana yake bila kumweleza mteja yeyote sababu. Mimi nimeishi naye miaka yote hii nikidhani hana mfuniko.

Barua hii anakuletea yeye. Usimfokee mlangoni, amesafiri na mto wake wa kulalia ili asikusumbue, ingawa atakusumbua kwa kukoroma. Ile VPN nimekulipia, na nimemfundisha namna ya kuiweka, hatua kwa hatua, mpaka ameota. Mwache aiweke, kisha mnyang'anye simu haraka.

Kama umenikasirikia, nikasirikie. Ila tarehe moja hutakuwa peke yako kwenye ile korido.

Wifi yako

* * *

Tarehe 16 Agosti

Wifi yangu, mvunja ahadi,

Nimerudi nyumbani na titi moja na kaka mmoja, na kaka ndiye mzigo. Kidonda kinapona. Spika anapika, kila kitu kina pilipili manga, anasema aliona hospitali wanaila. Hawaili. Wodini alikuwa anazungumza na kila mtu, kitanda hadi kitanda. Alisimulia goti, alisimulia paa, wagonjwa wakajua mpaka mnapohifadhi viatu vyenu. Alipoulizwa dada yake anaumwa nini, alijibu, "Muulizeni mwenyewe, yeye ndiye mwenye habari." Nilisikia nikiwa nimefumba macho. Nilikukasirikia mpaka hapo, wifi, kisha nikashindwa.

Kundi la ukoo niliwaandikia mimi mwenyewe, siku niliyoweza kukaa. Simu ya kaka yako ikaanza kulia pale pale, wanamuuliza kwa nini hakusema. Nilimwona amevimba kama mtu aliyepewa cheo.

Tukamwendea Mzee Antena, barazani, kompyuta yake iko wazi. Spika nilimwambia asimame nyuma yangu na asifungue kinywa. Sijui alivyoweza.

"Mama, umerudi," mzee akasema. "Nilikuombea kila jioni."

"Nani alikupa jina langu uliombee?"

"Mimi sikusoma ugonjwa wako. Niliona jina la hospitali tu. Na intaneti ni yangu, nyumba ni yangu."

"Bomba la maji nalo ni lako," nikamwambia. "Unaonja maji tunayoogea?"

Akafunga kompyuta. Akapangusa miwani isiyo na vumbi. Kisha akasema mkewe alipougua hakuna mtu aliyempa pole mpaka siku ya mazishi, kwa sababu walificha, na yeye aliapa hataona mtu anaumwa akanyamaza. Sikujua hilo. Nilimwonea huruma, nikamwambia, "Basi unapogonga mlango wangu, uliza kwanza." Akaahidi atakizima kile kitu kinachoandika tovuti zetu.

Sijui kama amekizima. Ndiyo maana VPN nimeiweka, na sasa nakujibu swali la Februari ambalo nilikuuliza mimi. Ulinionya kwamba mwenye kichochoro naye ana macho. Nimekubali. Ila huyo hanijui, hatukutani kwenye ngazi, na hawezi kuniletea papai. Nikichagua kati ya macho mawili, nachagua yaliyo mbali. Benki nao wametulia, wanaamini niko nilipo.

Nimeanza dawa za saratani, zile zinazopitishwa mishipani. Waliniambia nywele zitatoka, nikaona msusi hawezi kungoja apukutike mchana kweupe mbele ya wateja. Jumamosi saluni ilikuwa na watu, wale waliobaki na wawili waliorudi kuchungulia. Nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe, nikampa kaka yako mashine ya kunyolea. Nikawaambia, "Nina saratani ya titi, na limekatwa. Haipandi kitana, haipandi taulo. Mwenye swali aulize sasa hivi, baadaye nina kazi." Mama wa duka la vyombo akauliza kama inauma. Nikamwambia inauma. Basi, wakaanza kubishana kama kichwa changu ni kizuri au kina kona. Kina kona. Kaka yako amenikata mahali pawili.

Lakini nilichotaka kukuandikia ni cha jana. Kaka yako alikuwa ametoka kutafuta tiketi ya kurudi, saluni imebaki tupu, fundi cherehani akaingia kutoka upande wa pili. Amezima redio yake ya maombi. Alisimama karibu na masinki akiwa bado na sindano zimechomekwa kifuani kwenye nguo. Hajawahi kuniomba radhi, na jana pia hakuniomba.

"Simu yako," akasema. "Ile iliyowekwa kitu. Ni kweli haisomwi na mzee?"

"Yeye haisomi."

"Naomba dakika chache."

Nilimtazama, nilitaka kumwambia mengi, na mengine nilikuwa nimeyaandaa tangu Machi. Alikuwa anachomoa sindano moja kifuani na kuichomeka tena pale pale. Nikafungua simu, nikampa. Nikafunga mlango wa mbele, nikageuza kibao upande wa "Tumefunga", nikaenda kwenye sinki nikampa mgongo na kufungulia maji kwa nguvu. Nikaosha vitana vyote, vikaisha, nikaviosha tena.

Aliponirudishia simu alikuwa amefuta alikopita. Nikamwambia hospitali wanafungua asubuhi na mapema, na kama anataka mtu wa kukaa naye kwenye benchi, miguu yangu haina nguvu ya kusimama lakini ya kukaa ipo. Akarudi kwake, redio hakuifungulia.

Leo nimesikia mlango wake ukifunguka kabla ya jua. Nimekwisha vaa viatu.

Wifi yako,
Msusi kipara